Uliza Fundi wa Karatasi: pakiti ya Nyayo, treni ya Kisumu na kanga ya mama

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu ana kitu anakipenda sana ama ana kumbukumbu haimtoki, anataka kukitengeneza kwa karatasi, sasa anaanzia wapi? Nimezifupisha kidogo ndio zitoshe. Na mkiona kuna mahali nimemkatalia mtu, sababu ni hii, mimi naamini kumbukumbu hukaa kwa kipande kidogo, kona fulani, rangi fulani, mwandiko fulani, kile ambacho ukikiona tu moyo unashtuka. Tafuta hicho kwanza, ukitengeneze vizuri, hayo mengine yatajileta yenyewe.

Fundi, habari ya kazi. Sisi tulimaliza darasa la nane 1988 kwa shule moja hapa Eastlands na Desemba tunakutana, tuko kama arobaini kwa grupu. Wengine wanataka tishati, mimi nataka kila mtu apewe kitu cha zile maziwa za Nyayo, ile pakiti ya pembe tatu. Shida sijui inatengenezwaje na pesa tuliyochanga si nyingi. — Mama Wawili, Donholm

Mama Wawili, wazo lako linashinda la tishati kabisa, usikubali wakuyumbishe. Mtu aliyesoma primari Kenya miaka ya themanini akiona hilo umbo, hata kabla hajasoma kilichoandikwa, anajua ni nini. Maziwa yalianza kupewa watoto wa primari bure 1979, mwaka mmoja tu baada ya Moi kuchukua urais, na kuna watoto wengi walikuwa hawakosi shule siku ya maziwa hata wakiwa na homa.

Umbo lenyewe lilibuniwa Uswidi mwaka wa 1944 na Erik Wallenberg, akiwa mfanyakazi wa Ruben Rausing, huyo ambaye baadaye alianzisha Tetra Pak. Na ukishajua siri yake utashangaa venye ni rahisi. Ni bomba la karatasi. Mdomo wa chini umebanwa upande huu, mdomo wa juu umebanwa upande ule mwingine, basi, hakuna kukata pembe tatu wala kuunganisha pande nne moja moja.

Chukua karatasi ya A4, ina sm 21 kwa sm 29.7. Ule urefu wa 29.7 ugawe mara tatu, unapata vipande vitatu vya sm 9.9, na kila kipande ni pakiti moja, kwa hivyo karatasi 14 zinakupa pakiti 42, watu arobaini wanatosheka na mbili zinabaki za kuharibika. Sasa kile kipande, upande wa sm 21 ndio unauzungusha uwe bomba, upandanishe sm 1 utie gundi, mzunguko unabaki sm 20. Ngoja ikauke kabisa, hapo ndio watu wengi huharakisha. Ikishakauka bana mdomo wa chini uwe bapa, utapata ukingo wa sm 10, utie gundi ndani kwa upana wa kama nusu sentimita na kidogo, ubane kwa vibanio vya nguo hadi ishike. Tia zawadi ndani kupitia juu. Halafu mdomo wa juu usiubane kwa mwelekeo ule ule wa chini maana utapata bahasha tu, ugeuze robo, yaani zile kona mbili za kando za chini sasa ziwe zinaelekea katikati ya mdomo wa juu, ndio ubane. Ukifanya hivyo utaiona inajiinua yenyewe mkononi, na hiyo dakika ni tamu sana, waite watoto waone.

Kati ya bano la chini na la juu kubaki kama sm 8.7, hapo pande zote nne zinatoka sawa sawa. Ukiacha ndefu kuliko hapo itakuja kuwa kama sambusa iliyovutwa na hakuna mtu ataitambua.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, ni laini sana kwa hii kazi, itabonyea kwa begi. Uliza ya gramu 120 hadi 160, kwa maduka ya vifaa vya ofisi pale River Road wanakuuzia hata kwa karatasi moja moja ukiongea nao vizuri. Mapambo yote yachorwe ama yaprintiwe kama karatasi bado iko bapa, ukishazungusha umechelewa. Na kuhusu rangi na maandishi, mimi sitakuchagulia. Rudi kwa grupu uulize kila mtu anakumbuka pakiti ilikuwa na rangi gani, mtabishana siku nzima, watu watatoa ushahidi, mwingine atakumbuka mahali krate zilikuwa zinawekwa, mwingine atakumbuka nani alikuwa anapasua pakiti tupu kwa mguu darasani. Yaandike hayo. Kisha ndani ya kila pakiti tia njugu karanga kidogo na kikaratasi chenye jina la utani ambalo huyo mtu aliitwa shuleni, kama ni jina ambalo hakulichukia. Mrija usiweke, unaharibu umbo.

Habari Fundi. Mzee wetu anafikisha miaka 80 mwezi wa tatu. Alikuwa gadi wa treni, tumelelewa Makongeni nyumba za reli, na karibu kazi yake yote ilikuwa Nairobi na Kisumu, Kisumu na Nairobi. Siku hizi haongei sana ila ukitaja treni anaamka. Nimejaribu kumtengenezea treni ya katoni, magurudumu hayalingani na kichwa kimepinda. Mimi mikono yangu si ya hizi vitu. Nifanyeje? — Kifungua Mimba, Umoja

Kifungua mimba, hongera kwa kuwa na baba wa miaka 80 ambaye bado anaamka akisikia treni. Hiyo treni ya katoni iweke kando. Treni yenyewe ni kitu kikubwa chenye vipande vingi, na mzee aliyekaa ndani yake miaka yote atakuwa anaona tu pale ulipokosea. Gadi hakuwa anaiangalia treni kutoka nje hivyo. Yeye alikuwa na vitu mkononi, bendera ya kijani, bendera nyekundu, filimbi, taa, na kichwani alikuwa na stesheni zote kwa mpangilio. Sasa hizo ndizo za kumtengenezea.

Mfanyie kitabu cha kukunja, kile kinavutika. Chukua karatasi tatu za manila za saizi ya A4, zipasue kila moja kwa urefu upate vipande vya sm 10.5 kwa sm 29.7, utatumia vipande vitatu na vingine vitatu viwe vya akiba. Kila kipande kikunje mara tatu, unapata kurasa tatu za karibu mraba. Unganisha vipande kwa kubandika ukanda mwembamba wa karatasi kwa nyuma, usipandanishe juu kwa juu maana kurasa hazitakuwa sawa na kitabu kitakataa kufunga. Jumla kurasa tisa, na stesheni tisa: Nairobi, Limuru, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Molo, Londiani, Muhoroni, Kisumu. Stesheni za njia hiyo ni nyingi kuliko hizo, kama mzee ana moja alikuwa anaipenda, tuseme Fort Ternan ama Njoro, ongeza ukurasa.

Kwa kila ukurasa chora dirisha moja la behewa, mraba tu na kona zilizozungushwa kidogo, ukate pande tatu ndio lifunguke, na nyuma yake ubandike kikaratasi. Kwa hicho kikaratasi andika maneno ya mzee mwenyewe. Hapa ndio kazi yote iko. Kaa naye jioni umwulize pole pole, stesheni moja kwa siku, usimrundikie. Baba, Limuru usiku ilikuwaje? Londiani mlikuwa mnakula nini? Atakachosema, hata kama ni neno moja, hata kama ni "baridi", liandike vile vile alivyolitamka, usirembe.

Jalada liwe na mwaka, 1899 reli ilipofika Nairobi na 1901 ilipofika Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence, na chini yake mwaka baba yako alipoajiriwa. Kisha zile bendera mbili, ya kijani na nyekundu, zitengeneze kwa karatasi ya krepu, kila moja saizi ya postikadi, uzifunge kwa vijiti vya mishikaki, kata ile ncha kali kwanza. Kitabu kifungwe na bendera hizo zikiwa zimekunjwa juu yake. Ukipata nafasi mpeleke Jumba la Makumbusho ya Reli hapo nyuma ya stesheni ya Nairobi, liko tangu 1971, umwache aangalie, wewe uwe na kalamu.

Na hiyo maneno ya kusema mikono yako si ya hizi vitu, hakuna kitu hapa kinahitaji zaidi ya rula, wembe na uvumilivu.

Niaje Fundi. Mimi na mchumba wangu tuna boksi la vitu tangu tuanze kujuana, tiketi za sinema, risiti ya mahali tulikula mara ya kwanza, kadi, maua yaliyokauka. Nataka kubandika yote kwa fremu kubwa tukifunga ndoa Agosti. Lakini nimeona risiti zimeanza kufifia, zingine hazisomeki. Nitumie selotepu ama gundi gani? — Bwana Harusi Mtarajiwa, Rongai

Ndugu yangu, weka selotepu chini na usibandike chochote leo. Beba hilo boksi kesho uende nalo saiba.

Risiti nyingi za siku hizi na tiketi nyingi hazina wino kabisa. Ile karatasi imepakwa dawa ambayo ikiguswa na joto inageuka nyeusi, na mashine inachoma tu herufi. Dawa hiyo haidumu, mwanga unaifuta, mafuta ya vidole yanaifuta, hata zile mifuko laini za plastiki za kuwekea makaratasi zinaweza kuifuta, na ukiiacha kwa dashibodi ya gari juani inageuka nyeusi yote. Ukipaka gundi nyuma yake unaweza kuamka ukakuta maandishi yameondoka. Kwa hivyo fotokopi ya rangi, kila kitu, mbele na nyuma, kwa saizi ile ile, na uombe pia wakuskanie ubaki na faili kwa simu. Zile ambazo zimefifia lakini bado zinaonekana kidogo, mwambie wa saiba aongeze weusi, mara nyingi zinarudi kusomeka.

Fremu yako itengeneze kwa zile kopi. Hapo uko huru kukata, kupandanisha, kuchana kingo, kufanya unavyotaka, kwa sababu zile halisi ziko salama ndani ya bahasha ya karatasi, kabatini, mbali na jua na mbali na jikoni. Selotepu mimi siipendi kwa kitu cha kuwekwa, baada ya miaka michache inakuwa ya njano, gundi yake inaingia ndani ya karatasi na ile plastiki inadondoka yenyewe ikiacha doa lisilotoka. Na kama ndani ya boksi kuna kipande cha gazeti, nacho kipige kopi, maana karatasi ya gazeti imetengenezwa na mti wote pamoja na ile lignini yake, kile kinachoshikilia nyuzi za mti pamoja, ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na kuvunjika.

Kuhusu gundi, na hapa najibu pia dada wa Kasarani aliyelalamika kadi zake zinajikunja baada ya kubandika. Gundi yenye maji inalowesha nyuzi za karatasi, nyuzi zinavimba kwa upana, upande mmoja unakuwa mkubwa kuliko mwingine na karatasi inapinda. Kila karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, ikunje polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, ule mkunjo unaokubali kwa urahisi ndio unafuata mwelekeo wa nyuzi. Unapobandika karatasi mbili zipange nyuzi zielekee upande mmoja. Paka gundi kidogo kutoka katikati kwenda nje, funika na karatasi safi, weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kabisa, ile ya PVA, ikiwa nzito ongeza matone ya maji. Gundi ya unga wa ngano ni nzuri kwa kazi ya watoto na ni bei ya bure, unga kijiko kimoja, maji vijiko vitano, koroga baridi kwanza ndio upike hadi iwe inang'aa. Lakini kwa fremu ya harusi usiitumie, mende wanaipenda na watakula mpaka tiketi.

Lingine, bwana harusi. Usiweke vyote. Boksi lina vitu vingapi sijui lakini ukivibandika vyote ukutani vitakuwa makaratasi tu. Ile risiti ya mara ya kwanza, soma mlichoagiza. Kama ni chipsi na soda mbili, basi ipige kopi kubwa, hata mara nne ya saizi yake, iwe ndiyo katikati, na pembeni tiketi mbili tatu. Mchumba wako atasimama hapo asome bei na aanze kucheka.

Fundi, mama yetu alituacha mwaka jana. Alikuwa mtu wa Mombasa, akaolewa huku Nairobi, na hakuacha kuvaa kanga hata siku moja. Mimi nimebaki na moja, sitaki kuikata. Pia nina karatasi aliyoandika kwa mkono wake namna ya kupika mahamri. Tuko ndugu watano, nataka kila mmoja apate kitu cha mama. Sina mashine wala pesa ya kuchapisha. — Kitinda Mimba, South B

Pole sana mdogo wangu, na pole kwa ndugu zako. Umefanya vizuri kutoikata.

Tengeneza kanga za karatasi. Kanga ina sehemu zake tatu na unazijua kwa macho hata kama hujawahi kuzitaja: pindo inayozunguka pande zote nne, mji ambao ni lile eneo la katikati, na jina, yale maneno yaliyo kwa kisanduku chini. Kanga yenyewe ni kama mita moja na nusu kwa mita moja, kwa hivyo ukikata kadi ya sm 18 kwa sm 12 umeshika uwiano ule ule na jicho litakubali mara moja. Tandaza kanga ya mama mezani mchana kukiwa na mwanga, uangalie pindo lake kwanza. Kuna umbo moja linalojirudia, kama ni korosho, kama ni ua, kama ni vidoadoa. Hilo moja tu ndio unachukua.

Umbo hilo lichonge kwa kiazi. Kata kiazi kikubwa katikati kwa kisu kirefu, mkato mmoja ndio uso uwe bapa, ukiweke juu ya tishu dakika kadhaa kitoe maji, chora umbo kwa kalamu kisha utoe ile nyama ya pembeni kwa ncha ya kisu, kina cha nusu sentimita kinatosha. Rangi iwe nzito, rangi ya bango ile ya watoto ni sawa, uipake kwa sponji juu ya kiazi, usichovye, ukichovya inajaa kwa mifereji. Kisha piga muhuri ukizunguka kadi. Muhuri wa kwanza utatoka mzito, wa pili na wa tatu ndio mzuri, hata zile tofauti ndogo za kuchapa ziache, kanga nazo rangi hukosana kidogo na pindo. Kiazi kitakupa siku moja tu ya kazi, kesho yake kimenyauka, kwa hivyo panga kadi zote mezani kabla hujaanza.

Sasa jina. Kama kanga ya mama ina msemo alioupenda, uandike huo. Lakini kama alikuwa na neno lake, lile alilokuwa anawaambia kila mkitoka mlangoni ama kila mkigombana, mimi ningeweka hilo, na ningeliandika kwa mwandiko wake. Inawezekana bila mashine. Chukua ile karatasi ya mahamri, piga fotokopi, usishike ile halisi tena. Bandika kopi kwa kioo cha dirisha asubuhi, weka karatasi safi juu yake, mwanga utapita na utaona herufi zake. Tafuta a yake, tafuta k yake, namna alivyounganisha m na a, uzifuatishe kwa penseli moja moja hadi neno litimie. Itakuchukua muda na pengine utalia, hakuna ubaya. Usisahau kama kwa ukingo kuna yale maandishi madogo ya mfanyabiashara aliyeitoa kanga, kama ile K.H.E. Mali ya Abdulla ambayo iko kwa kanga nyingi za Mombasa, yaandike pia, ndugu zako watayaona kabla ya kitu kingine chochote.

Na kwa vile kanga huuzwa doti, vipande viwili pamoja, tengeneza kumi. Kila ndugu mpe doti yake, kimoja akae nacho, kingine amwandikie yeyote anayetaka, shangazi, mjukuu, jirani aliyemuuguza mama. Nyuma ya kila kadi bandika kopi ya yale maelezo ya mahamri, ipunguzwe itoshe, na kama ile karatasi ina doa la mafuta ama alama ya unga, mwambie mtu wa saiba asiisafishe.

Fundi naenda Qatar kazi mwezi ujao, kandarasi ya miaka miwili. Nataka kubeba kitu cha Nairobi, chepesi, kisijaze begi. Nilikuwa nafikiria KICC ya karatasi. — Wa Buru, Buruburu

KICC ni jengo zuri, la 1973, lakini picha yake utaipata hata huko kwa simu. Wewe umekaa Buru miaka yote, kitu chako ni ile matatu ya 58. Tengeneza kadi inayosimama: kunja karatasi ngumu ya A5 katikati, kwa ule mkunjo kata mistari miwili ya sm 3, ikiachana sm 7, fungua na usukume kile kipande kije ndani, utaona kimetokeza kisanduku. Chora matatu yako pembeni, uikate, uibandike kwa uso wa kisanduku, urefu wake kwenda juu usizidi sm 7 ndio kadi ikifungwa isichungulie nje. Chora ile nganya unayoijua, na michoro yake, na mstari wa njano uliokuja na sheria za matatu za waziri Michuki 2004, na kwa dirisha andika jina la steji yako. Nyuma chora tu kile unakiona ukishuka, kibanda, mti, geti. Ikifungwa ni bapa kabisa, haijazi begi. Safari njema kaka, Mungu akutangulie.

Mwalimu Fundi, nina madaftari ya mtoto tangu nasari hadi gredi ya sita, yamejaa kabati. Roho inakataa kuyatupa na nafasi hakuna. Kuna kitu naweza kufanya? — Baba Mmoja, Kahawa West

Yageuze karatasi mpya, baba. Kenya watu wanatengeneza karatasi kwa vitu vigumu kuliko hivyo, kule Mwaluganje, Kwale, wanatumia kinyesi cha ndovu, na Kisumu kuna wanaotumia gugumaji la ziwa, kwa hivyo daftari ni kazi nyepesi.

Kwanza kaa na mtoto mchague ukurasa mmoja kwa kila daftari, ule ambao mmoja wenu akiuona anasema "huu hapana", uutoe na uuhifadhi. Hizo zingine ndizo za kusaga. Toa stapla zote, toa majalada yanayong'aa, chana vipande vya saizi ya stempu, loweka usiku kucha. Asubuhi tia konzi moja kwa blenda na maji mengi, usage hadi iwe uji, usijaze ama mota itaungua. Kwa ungo, tumia fremu ya picha ya zamani uigongomelee wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, ukiwa umevutwa sana. Mimina uji kwa beseni lenye maji, chovya ungo, uinue ukiwa sambamba huku ukitikisa kidogo pande zote, acha maji yachuruzike, kisha ugeuze juu ya shuka kuukuu la pamba, ubonyeze kwa sponji, uinue ungo taratibu kuanzia upande mmoja. Funika na shuka lingine, kandamiza, uanike.

Itatoka ya kijivu yenye ubluu kidogo kwa sababu ya wino wa kalamu, na mimi naipenda hivyo. Kama unataka mwandiko wa mtoto uonekane, weka kando vipande vichache bila kusaga, vile vyenye herufi zake za kwanza zile kubwa kubwa, uvitie ndani ya beseni mwishoni, vitashikwa katikati ya karatasi. Ukitaka rangi tumia maganda ya vitunguu ama majani ya chai, maua ya jakaranda usitie, yanageuka kahawia. Julai na baridi yetu hii karatasi itakaa siku mbili tatu haijakauka na inaweza kuanza kunuka, kwa hivyo kama huna haraka ngoja jua la Januari, na magazeti usichanganye humo ndani.